Mkanda, parachuti na Li Xiaqing

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Machi 8 kurasa za wanawake hujaa majina ya waliotangulia, na siku hizi jina la Li Xiaqing nalo limeanza kupata nafasi. Tunashukuru. Ila habari zake huandikwa kwa mtindo uleule: nyota wa filamu za Shanghai, mrembo, akapanda ndege, akaanguka baharini, akatoka salama, akachangisha fedha wakati wa vita. Ukimaliza kusoma unajua mavazi yake yalivyokuwa, lakini hujui kwa nini alianguka wala kwa nini hakufa. Sisi tunaoshughulika na ndege ndogo tunaomba nafasi tujaze pengo hilo, maana humo ndimo ulimo urubani wenyewe.

Kwanza majina, kwa sababu msomaji asipoelezwa hudhani ni wanawake watatu. Li Xiaqing alizaliwa Guangzhou mwaka 1912. Kwenye filamu aliitwa Li Dandan, na ndilo jina alilotumia mwaka 1928 alipoigiza kama Hua Mulan, yule mwanamke wa masimulizi ya kale ya Kichina aliyevaa kiume akaenda vitani badala ya baba yake. Marekani walimjua kama Lee Ya-Ching. Aliacha filamu angali kijana mno, akaenda Ulaya, akaolewa na mwanadiplomasia wa Kichina, akaishi Geneva. Huko ndiko alikojifunza kurusha ndege, na mwaka 1934 akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya urubani Geneva. Hakuridhika na leseni hiyo. Alivuka kwenda Oakland, California, akajiunga na chuo cha urubani cha Boeing.

Sasa tuje kwenye ile ajali. Tarehe 15 Mei 1935, juu ya Ghuba ya San Francisco, Li alikuwa na mwalimu wake kwenye ndege ya mafunzo isiyo na paa, wakifanya sarakasi za angani. Ndege ilipopinduka, mkanda wa kiti haukumshika, akachomoka.

Waandishi hulipita jambo hili kwa sentensi moja, "mkanda ulikatika", kana kwamba ni bahati mbaya ya kamba. Mkanda mzima wa ndege haukatiki kirahisi. Yanayomtoa mtu kitini kwa kawaida ni mambo madogo zaidi: mkanda uliolegea, kifungo kilichonaswa na mkono wa jaketi au na ukanda wa parachuti kikafunguka, au mshipi uliochakaa pale unapopita kwenye chuma. Na kulegea kuna sababu yake. Rubani wa miaka ile alikalia parachuti yake. Ilikunjwa ikawa mto juu ya kiti cha bati. Mto huo ukikaliwa kwa dakika 10 hushindiliwa. Mkanda ulioubana vizuri ukiwa chini, ukifika juu una nafasi ya vidole kadhaa. Ndiyo maana mwanafunzi wa sarakasi hufundishwa kukaza mkanda mara mbili: mara ya kwanza kabla ya kuwasha injini, na mara ya pili akiwa angani, dakika ile ya kuanza mzunguko. Ile ya pili ndiyo husahauliwa.

Namna ndege inavyobingirika nayo ina maana. Kuna kubingirika kwa kuchora ond, ambapo ndege huzunguka mstari wa safari yake kama mtambaazi unavyouzunguka mti. Ukifanya hivyo kwa ustadi, muda wote mwili unasukumwa kwenye kiti hata kichwa kikielekea ardhini. Na kuna kubingirika polepole kwa mstari ulionyooka, kama mti wa pekecho unaopekechwa. Hapo, ndege ikiwa chali, mkanda ndio unaobeba uzito wako wote pamoja na wa parachuti. Mwanafunzi anayejaribu namna ya kwanza akavuta fimbo ya usukani kidogo kuliko inavyotakiwa, bila kujijua huangukia namna ya pili, na anayebaki kumshika ni mkanda tu. Miaka ile ulikuwa mkanda mmoja wa mapajani. Leo ndege za sarakasi zina mikanda ya mabega, wa katikati ya miguu, na mara nyingi mkanda wa pili wa mapajani wenye kifungo chake peke yake, ili kimoja kikiachia kingine kibaki.

Tukiwa hapohapo, kupinduka huko kunaiumiza hata injini. Kabureta yenye boya, yaani chombo kinachoichanganya petroli na hewa, hutegemea mvuto wa dunia. Ndege ikiwa chali boya huelea upande usio wake, petroli hukosa njia, injini hukohoa na kunyamaza. Oili nayo huacha pampu. Kwa hiyo kabla ya sarakasi yoyote rubani hukagua kwa mpangilio: kimo kinachotosha kumaliza zoezi na kubakiza akiba, hali ya ndege, mikanda pamoja na vitu vilivyolegea ndani, joto na shinikizo la injini, mahali asiporuka juu ya watu, na mwisho hugeuka kushoto na kulia kutazama kama kuna ndege nyingine. Kalamu iliyosahaulika mfukoni inaweza kujibana chini ya pedali. Hilo halina cha kuchekesha.

Li aliokoka kwa kuwa alivaa parachuti na alijua cha kufanya nayo. Kwa parachuti ya aina ile anayeanguka husubiri kwanza awe mbali na mkia wa ndege, kisha huutafuta mshikio kwa macho (kwa kupapasa tu, mkono huweza kushika ukanda usiohusika), akavuta kwa mkono mzima mpaka waya utoke wote. Kiparachuti kidogo chenye springi huruka nje na kulivuta tandio kubwa la hariri, ambalo la kawaida wakati huo lilikuwa na kipenyo cha mita 7 na kitu. Chini yake mtu hushuka kama mita 6 kwa sekunde. Kwa mgongano wa chini ni sawa na kuruka kutoka ukuta unaokaribia mita 2.

Juu ya maji hesabu hubadilika. Maji tulivu hayana kipimo cha macho, na wapo waliofungua mikanda ya parachuti wakidhani wamebakiza mita 2, kumbe zimebaki 30. Kanuni ni kujivuta nyuma ukakalia mikanda vizuri ukiwa bado juu, kulegeza vifungo, lakini usijiachie mpaka miguu iguse maji. Ukichelewa, hariri iliyolowa na kamba zake hukufunika na kukufunga miguu. Upepo ukiwapo, tandio hukuburuta. Halafu baridi. Maji ya ghuba ile mwezi Mei huwa kiasi cha nyuzi 12 hadi 15. Dakika ya kwanza pumzi hukatika ovyo, na anayepaniki hunywa maji. Baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo vidole bado vinatii. Li alielea na mavazi yake mazito ya rubani mpaka ndege ya jeshi la majini inayotua majini ikamfikia na kumtoa.

Kwa kuokolewa hivyo aliingizwa kwenye Caterpillar Club, klabu ya viwavi, iliyoanzishwa mwaka 1922 na mtengenezaji wa parachuti Leslie Irvin kwa waliookolewa na parachuti kutoka kwenye ndege. Kiwavi ni kwa sababu ya hariri. Uanachama wake haununuliwi. Na kwa wanaouliza kama parachuti bado ni lazima: kanuni za Marekani leo zinamtaka rubani aliyebeba mtu asiye wa kikosi cha ndege ahakikishe kila aliyemo amevaa parachuti iliyoidhinishwa, kabla ya kuinamisha mabawa kwa makusudi zaidi ya nyuzi 60, au pua kupanda au kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30. Parachuti ya nailoni hufunguliwa na kukunjwa upya na fundi mwenye cheti kila baada ya siku 180. Ya hariri, siku 60, kwa sababu hariri huoza kwa unyevu bila kuonyesha.

Baada ya kutolewa majini alirudi darasani. Hiki ndicho tungependa kisomwe zaidi ya ile ajali. Alihitimu chuoni pale Novemba 1935, baada ya masomo yaliyojumuisha kuruka kwa kutegemea vyombo. Mwanafunzi hufunikwa na turubai asione nje, akaambiwa airushe ndege kwa kusoma vipimo vilivyo mbele yake. Kwa nini? Kwa sababu sikio la ndani linadanganya. Ndege ikianza kuinama polepole ndani ya wingu, majimaji ya sikio hutulia baada ya nusu dakika hivi na mwili huhisi uko sawa. Pua hushuka, mwendo huongezeka, rubani huona kimo kinapungua, akavuta fimbo. Kuvuta huko, mabawa yakiwa bado yameinama, hukaza mzunguko na kuzidisha kasi mpaka mabawa yang'oke au ardhi ifike. Dawa yake ni fupi na inakwenda kinyume na silika: punguza moto wa injini, nyoosha mabawa kwanza kwa kufuata kipimo cha kugeuka, ndipo uvute, taratibu. Ukianza na kuvuta umekwisha. Ujuzi huu mwaka 1935 hawakuwa nao hata marubani wengi wanaume waliokuwa na leseni.

Alirudi China mwaka 1936, wakati kaulimbiu ya "kuiokoa nchi kwa usafiri wa anga" ilipokuwa midomoni mwa watu. Akapata leseni ya huko, akafundisha Shanghai, akaruka sarakasi mbele ya umati. Vita na Japani vilipoanza mwaka 1937 aliomba kuruka kwa ajili ya jeshi, akakataliwa. Akaingia kwenye kazi za hospitali na wakimbizi, kisha akaondoka kwenda Marekani na wazo moja: ndege iingie katika kila mji, watu waje kuiona, na aliye ndani aseme nao na kuchangisha fedha.

Hapo ndipo ile kazi ya jukwaani ilipopata matumizi, na hatuoni sababu ya kuionea haya. Mtu aliyezoea kamera anajua kusimama, kutazama, kupaza sauti mpaka nyuma ya ukumbi. Ila umati haukuja kwa ajili ya sauti. Ulikuja kwa sababu ndege ilifika, na kufika ni kazi ya mafundi.

Machi 1939 aliondoka New York kwa Stinson Reliant SR-9 nyekundu iliyoandikwa "Spirit of New China". Ni ndege ya bawa moja la juu, injini yake ya Lycoming ina silinda 9 zilizopangwa duara, nguvu za farasi zipatazo 245. Injini ya duara ina adabu zake. Ikilala usiku, oili huchuruzika na kujikusanya kwenye silinda za chini. Ukiiwasha hivyohivyo, pistoni hukutana na oili isiyobanika, na konrodi, mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, hupinda. Pengine haivunjiki siku hiyo, huvunjika wiki ijayo ukiwa juu ya milima. Kwa hiyo kila asubuhi, swichi za magneto (mitambo inayozipa plagi umeme wa cheche) zikiwa zimezimwa, propela huzungushwa kwa mkono, panga baada ya panga, mpaka injini imalize mizunguko yake. Ukihisi imekwama usiilazimishe wala usiirudishe nyuma, kwa maana oili itahamia kwenye bomba la kuingizia hewa na kurudi ikishawashwa. Fungua plagi ya silinda ya chini, umwage. Na propela ichukuliwe daima kuwa inaweza kuzunguka yenyewe hata swichi zikiwa zimezimwa: waya mmoja wa magneto ukikatika, injini inaweza kuwaka propela ikiwa mkononi mwako.

Ndege ile pia hutembelea magurudumu mawili ya mbele na moja dogo mkiani. Ikiwa ardhini pua inaziba njia, hivyo rubani huiendesha kwa kupinda kushoto na kulia ili aone mbele. Inapotua, uzito wake mkubwa uko nyuma ya magurudumu makuu, kama toroli inayosukumwa kinyumenyume. Ikianza kwenda mshazari, mkia hutaka kutangulia. Miguu lazima iwe hai kwenye pedali mpaka ndege isimame kabisa. Wengi huzivunja baada ya kutua vizuri, kwa kuwa wamekwisha kuwapungia watu mkono. Fikiria basi mtu ambaye kila anapotua kuna mamia ya watu, bendi, meya na wapiga picha pembeni ya uwanja.

Hatari kubwa ya ziara za namna hiyo lakini ni ratiba. Ukumbi umekodiwa, tiketi zimeuzwa, wingu limeshuka. Uchu wa kufika umeua marubani wazuri. Kinga yake ni kuamua ukiwa chini, kabla ya kuwasha: wingu likiwa chini ya kimo fulani siondoki, na nisipoiona reli ile kufikia saa fulani narudi. Uamuzi unaofanywa angani, watu wakisubiri, hupindishwa na watu hao.

Mwenzake kwenye kampeni hiyo, Hilda Yan, hakuwa msanii bali mwanadiplomasia, na alikuwa rubani mchanga. Alipewa ndege ndogo, Porterfield 35-W ya nguvu za farasi 90. Mwezi Mei mwaka huohuo 1939 alianguka huko Prattville, Alabama, akaumia. Tunamtaja kwa heshima, maana kupotea njia wakati ule kulikuwa jambo jepesi. Ukisafiri kilomita 160 kwa saa bila redio, upepo wa pembeni wa kilomita 30 kwa saa usiouhesabu hukupeleka kilomita 30 nje ya njia kwa saa moja, na miji midogo yote inafanana. Marubani hutumia hesabu ya moja kwa sitini: baada ya kilomita 60, kila kilomita moja uliyotoka nje ya mstari ni nyuzi moja ya kosa. Umekuta mto upande usio wake kwa kilomita 5? Kosa ni nyuzi 5. Kama zimebaki kilomita 60 kufika, geuza nyuzi 10: tano za kuacha kupotea, tano za kurudi.

Ukipotea kabisa, usizungukezunguke. Shika mwelekeo mmoja, andika saa, tafuta kitu kirefu, reli au mto mkubwa, ukifuate. Isipopatikana njia, tua shambani ukiwa bado na petroli na mwanga wa kutosha. Pita juu ya shamba mara mbili, kwanza juu kutazama nyaya, nguzo na moshi wa upepo, kisha chini kutazama matuta, mashimo na ng'ombe. Fuata matuta, usiyakate. Udongo laini huinamisha pua na kuipindua ndege ya gurudumu la mkia. Aliyebakiza dakika 5 za petroli hana nafasi ya kupita hata mara moja.

Tukirudi kwa Li, magazeti ya Marekani yaliandika zaidi juu ya gauni lake la Kichina, na mwaka huohuo Hollywood ikampa nafasi ndogo kwenye filamu, kama rubani. Si jambo geni. Raymonde de Laroche wa Ufaransa, mwigizaji wa jukwaani na binti wa fundi bomba, alipata leseni namba 36 tarehe 8 Machi 1910, mwanamke wa kwanza duniani. Magazeti yakamwita "baronesi", cheo asichokuwa nacho. Li aliendelea na ziara zake mpaka Amerika Kusini, na alifariki Oakland mwaka 1998, akiwa na miaka 85.

Ombi letu, Ndugu Mhariri, ni hili: mkichapisha tena picha yake, andikeni aina ya ndege iliyo nyuma yake na mwaka wa leseni. Pembeni wekeni kisanduku kidogo kwa binti anayeuliza aanzie wapi, kwa kuwa viwango vya kimataifa vya leseni ya rubani binafsi viko wazi: umri usiopungua miaka 17, saa 40 za kuruka (35 katika chuo kilichoidhinishwa), kati yake 10 akiwa peke yake, na 5 kati ya hizo 10 ziwe za safari, safari moja isipungue kilomita 270 na ihusishe kutua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Mtaongeza kwamba cheti cha afya cha daraja la pili kitafutwe kabla ya kulipia somo la kwanza, si baada ya saa 15 za mafunzo, kwa kuwa macho na moyo hupimwa kwa asubuhi moja, na ada iliyokwisha kulipwa hairudi.

Ni sisi wasomaji wako.